Inchi Mbili za Kumzuia Kidoti

Jumamosi, 22 Agosti

Shemeji ameshuka kwenye basi saa nne asubuhi. Mabegi mawili na boksi. Boksi nililidhania redio. Kumbe bwawa. Bwawa la plastiki la kupuliza, rangi ya buluu, limechorwa samaki wanaocheka. Mwalimu wa hesabu, miaka hamsini na mbili, mwanamke ambaye sijapata kumwona akitabasamu bila kwanza kuuliza kwa nini, ametuletea bwawa.

Kimoyomoyo namwita Rula. Ni dada mkubwa wa mke wangu. Anakaa mji mwingine, saa nne kwa basi, peke yake tangu mumewe afariki, na hawakujaliwa mtoto. Namhurumia. Nataka ijulikane hivyo, kwa sababu kuanzia hapa sitasema jema juu yake.

Baada ya chai akatoa la moyoni. Anamtaka Kidoti. Akakae naye, asome kwenye shule anayofundisha yeye, kuanzia muhula huu. Kidoti ni binti yangu, miaka kumi, mwenye alama yake nyeusi shavuni, na wakati huo alikuwa uani akimvisha paka soksi. Nikamtazama mke wangu. Mke wangu akatazama birika. Kumbe analijua tangu mwezi wa sita. Katika nyumba hii habari hunifikia mimi baada ya paka.

Tumekubaliana hivi: Kidoti ataamua mwenyewe, Jumapili ya wiki ijayo baada ya ibada. Mpaka hapo hakuna kumshawishi, hakuna kumlilia. Rula akanyoosha mkono, nikaushika, nikasema ni haki kabisa. Mikono haijaachana, kichwani tayari nilikuwa natafuta njia.

Nakueleza wewe, daftari la vipimo vya wateja, kwa kuwa huna mdomo. Mtoto huyu akiondoka sijui nitaishije. Kaka yake, Wakili, ana miaka kumi na minne, tunampenda sana, lakini anabishana hata na saa ya ukutani. Kidoti ndiye anayeniuliza kama nimekula.

Dawa ni moja. Siku hizi nane zilizobaki za likizo ziwe na raha mpaka mtoto asahau kuna basi duniani. Tatizo ni kazi. Chumba cha mbele ndicho karakana yangu, na mezani kuna jora la kitambaa cheupe, mashati thelathini ya shule iliyo ng'ambo ya barabara. Mwalimu mkuu anayafuata Ijumaa. Kila mwisho wa likizo huwa hivi hivi. Watoto wa watu wanapata nguo. Mke wangu husema watoto wake wanaufahamu mgongo wangu kuliko uso wangu. Anatia chumvi.

Alasiri Kidoti alikuja na kipande cha kitambaa na sindano. Anataka nimwonyeshe namna ya kushona matundu ya vifungo. Nikamwambia si sasa, mwanangu, toka nje, baba anakupangia furaha kubwa. Akauliza furaha gani. Nikamwambia ikisemwa itaharibika. Alisimama mlangoni kidogo. Kisha akaenda kwenye bwawa.

Jumapili, 23 Agosti

Nilimwahi mchungaji kabla ya ibada. Nikamnong'oneza kwamba iko familia, sitaitaja, ambayo ingefaidika na neno kuhusu watoto kukaa na wazazi wao. Akaniambia Roho ndiye huongoza. Basi Roho akaongoza kwingine. Mahubiri yalikuwa ya kufungua mkono na kuachilia kile unachokipenda, saa nzima na robo. Rula alisema Amina mara kumi na moja. Yeye ndiye mwalimu wa hesabu lakini aliyehesabu ni mimi.

Tuliporudi wakajaza bwawa. Maji ya siku mbili, ndoo kwa ndoo. Rula akavua viatu, akakunja gauni mpaka magotini, akaketi ndani ya maji na kofia yake ya ibadani, wima kama yuko kwenye kikao cha walimu. Wakili, ambaye hachezi na watu wazima kwa sababu za msimamo, akamrushia maji. Rula akamrudishia kwa sufuria. Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Sijamwona akicheka hivyo tangu sijui lini, na mzaha wenyewe haukuwa wangu.

Kidoti akaniita niingie. Alikuwa amenisogezea nafasi, akaipigapiga kwa mkono. Nikamwambia naangalia kwanza usalama. Kweli yake nilikuwa naangalia boriti ya baraza. Boriti ile inaweza kubeba bembea.

Bwawa mtu anakaa tu. Bembea mtu anaruka. Mtoto atachagua nini hapo? Nililala mchana kwa amani.

Jumatatu, 24 Agosti

Mashati: sifuri. Bembea: moja.

Niliishona kwa mikanda ya mabegi, mishono minne kila upande, uzi wa viatu. Kiti nilikijaza sponji na kukivisha kitambaa cha maua kilichobaki kwenye mapazia ya mteja. Kidoti alikuja mara mbili kuuliza kama naweza kumpa mwisho wa mkanda anishikie. Mara zote mbili nilifunika kazi kwa koti na kumfukuza kwa upole.

Saa tisa nikawaita wote barazani. Nikafanya sala fupi ya uzinduzi. Nikasema baba ndiye hujaribu kwanza, ndiyo maana ya baba. Nikakaa.

Nataka iandikwe wazi kwamba mshono haukuachia. Hata uzi mmoja. Kilichoachia ni boriti. Nilishuka nayo, na vigae viwili, na kiota cha ndege ambacho kwa rehema hakikuwa na mtu. Nilifikia makalio. Wakili akasema, bila kuulizwa, kwamba alitaka kuniambia boriti imeliwa na mchwa lakini aliona vibaya kunikatiza nikiwa nasali.

Nilishindwa kusimama. Rula akasema maji baridi hupunguza uvimbe. Wakanibeba, yeye miguu, mke wangu mabega, wakihesabu moja mbili tatu. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye bwawa la adui, na suruali yangu, katikati ya samaki wanaocheka, nikakaa mle mpaka saa kumi na moja. Muuza maziwa akapita. Akauliza kama nabatizwa mara ya pili, na kama ile ya kwanza haikushika.

Kidoti alikaa pembeni akinimwagia maji mgongoni kwa kikombe, taratibu, kikombe baada ya kikombe. Alikuwa ananisimulia habari fulani ya darasani kwao, rafiki yake aliyehama, sijui nini. Sikuifuata vizuri. Nilikuwa nawaza hatua inayofuata.

Jumanne, 25 Agosti

Nashona juu ya mito miwili. Kila nikikanyaga pedali ya cherehani naona nyota. Mashati matano tu.

Saa sita Rula aliingia karakanani na kitambaa mkononi. Kijani, cha miraba midogo. Akasema ni cha sare ya shule yake. Kidoti akiamua kwenda, hakutakuwa na muda wa kutafuta fundi. Akiamua kubaki, basi, kitambaa si kitu. Akaongeza kwamba hakuna fundi anayemwamini kama mimi. Alisema hivyo mbele ya mke wangu, kwa uso mkavu kabisa, na kibaya zaidi nadhani alimaanisha.

Sasa mtu afanyeje? Nishone kwa mikono yangu nguo ya kuniondolea mtoto. Nikajikaza. Nikasema hamna shida, shemeji, ni furaha yangu. Alipotoka nikakipapasa. Kitambaa kizuri, Mungu anisamehe. Kizito, hakikunjiki ovyo.

Wazo lilinijia nikiwa nashukuru kwa chakula, kwa hiyo najua limetoka wapi. Mtoto wa miaka kumi anachukia kitu kimoja kuliko vyote: nguo inayombana. Nikimshonea sare pungufu ya inchi mbili, kifuani, kiunoni, mabegani, atajiona kwenye kioo amefungwa kama furushi. Ataichukia nguo. Ataichukia na shule yenyewe. Atalia, nami nitakuwa karibu. Hakuna kumshawishi, hakuna kumlilia. Makubaliano yako palepale. Wala sitakuwa nimesema uongo, kwani nguo haisemi kitu.

Nilimaliza sahani yote. Mke wangu akauliza kulikoni. Nikamwambia makalio yana nafuu.

Jumatano, 26 Agosti

Lazima nikueleze habari ya futi yangu ya kupimia. Niliachiwa na fundi aliyenifundisha kazi. Mwanzo wake ulikatwa na mkasi zamani, inchi mbili zikaenda, kwa hiyo yenyewe huanzia kwenye mbili. Chochote ninachokisoma natoa mbili, ndipo napata kipimo cha kweli. Miaka kumi na tisa natoa mbili. Mke wangu ameninunulia futi mpya mara tatu. Naziweka kabatini. Hii nimeizoea, na kutoa mbili kwangu ni kama kupumua.

Leo nilimpima Kidoti. Futi ikasoma ishirini na nane kifuani. Moyo ulikuwa unanidunda kama wa mwizi. Nikajiambia, sasa. Nikatoa mbili. Nikaandika ishirini na sita. Kiuno, nikatoa mbili. Mabega, nikatoa mbili. Dhambi ni dhambi, lakini niliandika kila kitu wazi, nikapiga mstari chini yake.

Kidoti alisimama wima, mikono pembeni, kama mteja. Akaniuliza kola hufanywaje mpaka ikawa na ncha. Akauliza kwa nini marinda huanza kupigwa pasi kabla ya kushonwa. Akasema nikipenda angeweza kukaa hapa kwenye kigoda, kimya, anitazame tu nikikata, na hatasema neno hata moja, hata akitaka kukohoa atatoka nje. Nikaogopa asije akaona maandishi. Nikamwambia karakana ina vumbi, aende akaoge bwawani. Akasema amekwisha oga. Nikamwambia aoge tena.

Nimeikata na kuishona yote leo, na mashati nayo yamefika kumi na manne. Lazima nikiri, ingawa ni nguo ya hila nimeishona vizuri. Marinda kumi na sita, yote yamelala upande mmoja. Kushona vibaya siwezi. Pungufu, sawa. Vibaya, hapana. Mtu ana heshima yake.

Alhamisi, 27 Agosti

Kwenye chai Rula alisema Kidoti ameshajua kuelea. Katika maji ya magotini. Nikapasuka. Nikatangaza pikiniki ya mtoni, leo hii, familia nzima. Mke wangu akanikumbusha mashati kumi na sita, na kwamba kesho ni Ijumaa. Nikamwambia imani yake ni ndogo. Akaniambia imani anayo, asichonacho ni mume wa pili wa kumalizia kazi.

Kule mtoni kivuli ni kidogo, kwa hiyo nikabeba jora la kitambaa cheupe la kutengenezea hema. Fundi hawezi kushindwa na hema. Tulitembea saa nzima juani, mimi nachechemea mbele kama kamanda. Nikalitandaza jora juu ya vichaka, nikalibana kwa pini. Likaanguka. Nikaliinua. Ukaja upepo. Mwishowe nikawaambia wakae tu chini yake wafurahi, mimi nitashika nguzo.

Walikaa, wote wanne, wamebanana, wakinitazama nimeinua fimbo mbili juu ya kichwa. Wakili akauliza raha inaanza saa ngapi. Nikamwambia ndiyo hii. Akasema alitaka tu kuwa na uhakika, asije akaipita.

Baada ya muda Rula na Kidoti walihamia chini ya mti mmoja kando. Rula akatoa uzi na sindano kwenye mkoba, wakaanza kushona kitu, vichwa vimegusana. Mke wangu akalala. Wakili akaenda kubishana na mto. Nikabaki mimi na hema. Nikamwita Kidoti. Akaitika, akaja mbio, akakaa chini ya kitambaa peke yake dakika tano nzima, akaniuliza kama mikono inaniuma. Nikasema haiumi. Ilikuwa inauma. Akauliza kama naweza kuishusha nikakae pale kwenye majani. Nikamwambia nikiishusha pikiniki itaanguka. Akarudi kule mtini.

Wakati wa kukunja ndipo nilipoona. Vichaka vile vilikuwa na vitunda vyeusi, vimeiva sana. Jora lote madoa ya zambarau. Tukalifua mtoni. Madoa yakasambaa.

Njia nzima mke wangu alihesabu madoa kwa kidole. Nilitamani anigombeze.

Ijumaa, 28 Agosti

Mwalimu mkuu alifika saa mbili kamili. Nikampa mashati kumi na manne na tabasamu. Akauliza yaliyobaki yako wapi. Nikaanza kumweleza habari ya mto. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nami nina watoto. Nikasema ninao. Akasema basi alidhani ningeelewa maana ya mtoto kufika siku ya kwanza bila shati. Amenipa mpaka kesho saa sita. Baada ya hapo kazi itakwenda kwa fundi wa karibu na kituo cha basi, anayejiita Mikono ya Dhahabu, ambaye hajapata kushona pazia likaning'inia wima.

Nimenunua kitambaa kingine. Tumeshona tangu saa tatu. Mke wangu anapiga pasi kwa hasira, na pasi ya hasira hunyoosha vizuri. Wakili anakata nyuzi huku akinipangia kwa mfuatano namna yote haya yangeweza kuepukika. Bado matundu ya vifungo, ambayo hapa kwangu hushonwa kwa mkono. Mashati kumi na sita, kila moja matundu saba. Rula akataja jibu kabla sijafungua mdomo: mia moja na kumi na mawili. Akavuta kiti. Kidoti akavuta kigoda. Kumbe ndicho walichokuwa wanajifunza jana chini ya mti. Mwalimu wa hesabu anamfundisha binti yangu kazi yangu.

Walishona mchana kutwa, wakisimuliana hadithi kwa sauti ndogo. Sauti ya cherehani ilinizuia kusikia.

Nilichukua shati moja la Kidoti nikaliinua kwenye mwanga. Mshono umekaa sawasawa, uzi umeshika bila kuvuta kitambaa. Mtoto wa miaka kumi, siku moja ya kujifunza. Nimewahi kuwa na wanafunzi wawili hapa, na kwa mwaka mzima hawakufika pale. Nikaligeuza nikatazama na upande wa ndani. Nikamwona ananitazama, ameshika sindano hewani, anasubiri.

Nikimsifu, sifa zinakwenda kwa Rula. Nikaliweka shati juu ya mengine. Nikasema lete jingine.

Jumamosi, 29 Agosti

Mashati yalikwisha saa tano. Mwalimu mkuu aliyachukua, akasifu matundu ya vifungo. Nikasema asante. Sikusema ni ya nani.

Alasiri nikatangaza kujaribiwa kwa sare ya kijani. Nilitaka mashahidi, kwa hiyo nikawaita na jirani yangu fundi viatu na muuza maziwa. Kidoti akaenda chumbani kuvaa. Nikasimama karibu na mlango, mfukoni nina leso safi ya kumfutia machozi. Niliikunja mwenyewe.

Akatoka.

Katika maisha yangu sijashona nguo ikamkaa mtu hivyo. Bega limelala juu ya bega. Kiuno kimeshika bila kubana. Alipogeuka marinda yalifunguka, yakarudi mahali pake kama yameamrishwa. Fundi viatu akavua kofia. Muuza maziwa akasema kumbe huyu mzee anajua kazi, sisi tumemzoea kwenye beseni. Mke wangu akaniangalia kwa macho ambayo sikuwa nimeyaona wiki nzima. Rula akavua miwani akaifuta.

Nikarudia hesabu palepale. Ishirini na nane, kutoa mbili, ishirini na sita. Zile mbili nilizotoa zilikuwa za futi. Za hila sikuzitoa kabisa. Nilikuwa nimeshughulika mno na kutenda dhambi, nikajikuta nimefanya kazi kwa uaminifu.

Kidoti alijitazama kwenye kioo muda mrefu. Hakucheka. Akaja mpaka niliposimama, akaniuliza kwa sauti ya chini, wengine wasisikie: "Baba, umeishona nzuri hivi kwa sababu unataka niende?"

Kulikuwa na jibu. Fupi sana, mtoto angelielewa. Lakini ningesema hapana, kisha? Ningeelezaje kwamba nilikusudia imbane? Na muuza maziwa yuko pale, masikio wazi. Nikamwambia nguo ni nguo, mwanangu, fundi hushona anacholetewa.

Akaitikia kwa kichwa. Akaenda kuivua. Nilimwona kupitia uwazi wa mlango akiikunja, rinda juu ya rinda, akilainisha kila moja kwa kiganja.

Leso nimepigia chafya.

Jumapili, 30 Agosti

Baada ya ibada tulikaa sebuleni. Rula akatangulia kusema, mbele ya wote, kwamba mtoto akibaki yeye hatakuwa na kinyongo na mtu, na likizo ijayo atakuja vilevile. Ujanja huo wa kuwa mwema siuwezi.

Kidoti akasema atakwenda.

Mama yake akamuuliza taratibu kwa nini. Akasema mama mkubwa hukaa naye. Akasema baba ana kazi nyingi. Halafu akasema, na tena nguo imeshashonwa. Wakili alitoka nje, akaanza kutoa hewa kwenye bwawa, akalikalia mpaka likaisha.

Hukaa naye. Nimeligeuza neno hilo mchana kutwa. Hakuna siri hapo, ni lile bwawa. Mle watu wawili wanakaa vizuri.

Basi lilikuwa la saa nane. Pale kituoni nikaombwa niwaombee wasafiri. Nikaona Mungu amenifungulia mlango. Nikaanza na kuumbwa kwa dunia. Nikamwombea dereva, tairi moja moja, madaraja, wajane wote wa njia nzima. Basi likiwaacha, nilijua, lingine ni kesho. Dakika ya ishirini injini ikanguruma, nikapandisha sauti. Wakili akasema Amina katikati ya sentensi yangu, na kituo kizima kikaitikia, dereva akaitikia kwa nguvu kuliko wote.

Nilipofumbua macho Kidoti alikuwa ameshapanda ngazi. Akashuka tena. Akanifunga kifungo cha shati nilichokuwa nimekisahau, akanyoosha kola, akapanda.

Rula akanishika mkono dirishani. Akasema, "Shemeji, Jumamosi ijayo njoo. Usibebe kitu. Njoo tu ukae." Nikamwambia nitaona. Mtu anayekuambia usibebe kitu anataka uonekane huna kitu.

Mke wangu alilia mpaka nyumbani. Mimi macho yalikuwa na vumbi la basi.

Jumatatu, 31 Agosti

Shule zimefunguliwa. Barabara imejaa mashati yangu. Wakili ameondoka na suruali ya mwaka jana, vifundo vya miguu vyote nje, kwa kuwa katika haraka zote hizi yake sikuishona. Akasema haidhuru, ataitumia kama ushahidi.

Karakana iko tupu. Hakuna kazi mpaka mwisho wa mwezi ujao. Mke wangu alileta chai, akakaa kwenye kigoda, akasema twende Jumamosi, mimi na yeye, basi la asubuhi. Tukae na mtoto. Hakuna zaidi ya hapo, baba Wakili, akasema, nenda ukakae naye umsikilize. Aliongea vizuri, bila ukali, na nampenda, lakini watoto hawaelewi. Bwawa halishindwi kwa mikono mitupu.

Jibu nimelipata kwenye sala ya asubuhi. Tiara, kishada cha kurushwa kwenye upepo. Si tiara la watoto, hapana. Tiara la ukubwa wa kitanda, la kitambaa cha bitana nyekundu, mkia wa mita kumi. Nitashuka kwenye basi nalo mgongoni, nitalirusha juu ya paa la Rula, shule nzima ilione, Kidoti aseme yule ni baba yangu. Linataka wiki tatu, labda nne. Jumamosi haiwezekani. Jumamosi nakata.

Saa saba simu ikaita. Kidoti, kwa simu ya Rula, wakati wa mapumziko ya chakula. Sauti inakimbia. Anataka kunisimulia yote: mwalimu wake, msichana anayekaa naye dawati moja, na namna watu walivyomuuliza nguo yake imeshonwa na nani. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, pini mdomoni, kiwiko kimekandamiza pembe ya bitana, chaki imeshaanza mstari. Mstari wa chaki haukatizwi njiani. Nikamwambia, kwa pini zote zile, kwamba sasa hivi sina mkono, niko kwenye kazi yake yeye mwenyewe, kubwa, siku moja ataiona.

Akasema haya, baba. Hakukata mara moja. Nilimsikia akipumua. Kisha akakata.

Mstari umetoka umenyooka vizuri sana. Mkia nimeamua uwe mita kumi na tano.